Wanaoujua mchunga wapo, pa kuuchuma hapapo

Ukifungua simu siku hizi hukosi kumkuta mtu anayenadi unga wa majani. Ulianza mlonge, ukafuata mchunga, ile mboga chungu inayoota yenyewe: umekaushwa kivulini, umesagwa, umetiwa kwenye kopo lenye karatasi ya kijani, na maelezo yake yanaahidi kushusha sukari, kusafisha damu na kurudisha nguvu za kiume, yote hayo kwa kijiko kimoja cha asubuhi. Kwingineko, hoteli za upande wa Masaki zimegundua kuwa mlenda ukiitwa "mboga ya asili" na kupakuliwa kwenye chungu kidogo, mgeni hulipa bila kubisha. Na kila masika yakikaribia hakikosekani kipindi cha redio cha kusikitika kwamba vijana wa mjini hawazijui tena mboga za porini, wazee wanaondoka na maarifa yao, kwa hiyo elimu itolewe. Kipindi kikiisha mtangazaji anashukuru, na elimu inahesabiwa kuwa imeshatolewa.

Nadhani mjadala huu tumeuanzia mkiani. Dar es Salaam haijapungukiwa na watu wanaozijua mboga za pwani. Imepungukiwa na mahali pa kuzichuma: ardhi iliyo wazi, inayofikika kwa miguu, isiyo na sumu. Tunapolia kwamba ujuzi umepotea tunawalaumu bibi zetu kwa kutofundisha na wajukuu zao kwa kutosikiliza, huku ukuta uliojengwa juzi, mfereji wa kiwanda na ramani ya mipango miji vikibaki bila lawama yoyote. Na ukikosea chanzo utakosea na dawa. Utaandaa semina mahali panapohitaji njia ya miguu.

Mboga ninazozisema hazitoki msitu wa mbali. Zinaota zenyewe baada ya vuli na masika kwenye viwanja visivyojengwa, kando ya reli, kwenye mashamba yaliyolala, kingo za mito na kwenye mchanga unaopakana na mikoko. Mchunga ndio mkubwa wao. Una majani marefu yaliyochongokachongoka pembeni na ua dogo la njano. Ukiuvunja bua unatoa utomvu mweupe unaonata vidoleni na baadaye kuacha madoa ya kahawia, ndiyo maana mchumaji mzoefu unaweza kumtambua kwa ncha za vidole kabla hujaona alichobeba. Ni mchungu, na uchungu huo ndio watu wanaoufuata. Huchambuliwa, huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa (wapo wasiomwaga, na jambo hili limegombanisha nyumba nyingi), kisha huungwa kwa tui zito la nazi na kuliwa kwa ugali na papa mkavu. Mchicha pori, mnavu, mgagani na mlenda kila mtu anavijua, sitakaa navyo. Isiyosemwa sana ni ile inayotambaa kwenye mchanga, juu kidogo ya mahali maji ya bamvua yanapoishia, yenye majani manene kama vidole vya mtoto mchanga na viua vya rangi ya waridi. Wataalamu wa mimea huiita Sesuvium portulacastrum. Wengine huiita mboga ya pwani tu, basi. Huota jirani na mlakasa, ule mtambazi wenye jani lililopasuka kama kwato ya mbuzi, ila mlakasa si mboga. Mboga ya pwani ukiitafuna mbichi utadhani umenywa bahari. Huchemshwa, maji yakamwagwa, ikachemshwa tena, na mpishi hagusi kopo la chumvi. Ufilipino mmea huohuo wanauita dampalit na kuusindika kwa siki. Kwetu umebaki mboga ya wachache, na wengi hupita juu yake na ndala zao wakienda kuogelea.

Matunda nayo yana habari yake: mabungo, ukwaju, ubuyu, kunazi, na zile kungu ambazo kila mtoto aliyekulia karibu na ufukwe amezipasua kwa jiwe ili afikie kokwa ndani. Jiji lenyewe limejiandika kwa miti ya kuliwa: Mikocheni, Mkwajuni, Mzambarauni, Mabibo, Mtongani, Mbuyuni. Konda anayataja majina hayo siku nzima mlangoni mwa daladala, ila ukishuka uulize mkoche uko wapi utaonyeshwa duka la vifaa vya ujenzi. Na ujuzi wa pwani ulikwenda mbali kuliko mboga na matunda. Kwenye njaa watu walikula ndiga, kiazi cha porini chenye sumu, baada ya kukikata vipande na kukilowesha kwenye maji yanayopita kwa siku kadhaa. Walijua pia jinsi ya kuuondolea mtapo, mmea wenye makuti kama mnazi mfupi, sumu yake kabla ya kuufanya chakula. Mambo ya aina hiyo hayafundishwi kwa bango. Yanataka mahali, na mtu mzima aliye karibu wa kukushika mkono kabla hujaupeleka mdomoni.

Mahali hapo ndipo palipoondoka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wa ziada ndani ya miaka kumi wanahitaji pa kulala, na sina ugomvi na nyumba zao. Ugomvi wangu uko kwenye namna nafasi iliyobaki inavyogawanywa. Upande wa kaskazini, kuanzia Msasani kwenda Kunduchi, Mbweni hadi Ununio, ufukwe umekuwa safu ya kuta zenye seng'enge juu, na vichochoro vya kushukia baharini vimezibwa kimoja baada ya kingine. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenda kuchuma pembezoni mwa mikoko, kwa njia aliyokuwa akiipita tangu ana mimba ya mtoto wake wa kwanza. Tulikuta geti. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akamwamkia vizuri: "Shikamoo mama. Hapa hapapitwi siku hizi." Shangazi akaitikia, "Marahaba baba. Sasa nisipopita hapa nipite wapi?" Kijana akacheka kwa aibu, akaangalia pembeni. Hakuwa na jibu, wala halikuwa swali lake kulijibu.

Sasa tuipime hoja ya kusahau, maana ndiyo inayopendwa kuliko zote. Ina ukweli kiasi. Mtoto aliyezaliwa ghorofani Upanga hawezi kutofautisha mnavu na pilipili changa, na lugha ya mboga inapungua kadiri mapishi yanavyopungua. Lakini Dar es Salaam ni jiji la wahamiaji, na wahamiaji hawaachi vichwa vyao stendi. Mtu wa Tanga amekuja na tikini yake, Mmakonde na ming'oko, Mgogo na aina za mlenda ambazo mimi siwezi hata kuzihesabu, Msukuma na mgagani. Nenda Mbagala, Gongo la Mboto au Bunju asubuhi baada ya mvua ya kwanza, simama kwenye kiwanja ambacho mwenyewe bado anatafuta hela ya msingi, utawaona: akina mama watatu wanne wameinama, mifuko ya salfeti kando, wanavunja ncha na kuacha shina. Wengi si wazee hata kidogo. Mmoja anauliza jina la jani, mwingine anamjibu kwa Kizaramo, wa tatu anasema kwao linaitwa vingine na hulitia karanga. Hapo ujuzi unazalishwa, wala haujapotea. Ila kiwanja hicho mwakani kitakuwa nyumba, na wale watatu watatawanyika, na mazungumzo yao yatakatika. Ndipo baada ya miaka ishirini mtangazaji atakuja kusema vijana hawakutaka kujifunza. Sababu na matokeo vimebadilishana viti.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaoogopa uchafu, na hii naiheshimu. Mboga ya porini mjini haiko porini. Iko kando ya barabara, chini ya gereji, kwenye bonde linalopokea maji ya viwanda na vyoo. Bonde la mto Msimbazi, unaopita katikati ya jiji, limepimwa mara nyingi na watafiti wa vyuo vyetu, na zaidi ya mara moja wamekuta metali kama risasi, kadimiamu na kromiamu kwenye udongo, maji na mboga zinazolimwa humo. Madampo yetu nayo yamehamahama. Wakazi wa Tabata waliifungulia halmashauri ya jiji kesi mwaka 1988 na kushinda. Taka zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, mwishowe Pugu Kinyamwezi. Dampo lililofungwa halitoweki. Linabaki udongo mweusi wenye rutuba, na ukitaka kuona mchicha pori ulionona, majani mapana kama masikio ya ng'ombe, nenda kautafute kwenye udongo wa namna hiyo. Kando ya barabara kuu kuna deni lingine: petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi, na iliyotua kwenye udongo kwa miongo ya nyuma haikupewa notisi ya kuondoka. Ile mboga ya pwani niliyoisifu hapo juu ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu mmea unaojua kuvuta chumvi hujua kuvuta na vingine. Watafiti wa nchi mbalimbali wameujaribu kusafishia udongo wenye metali kwa sababu hiyohiyo. Na tusidanganyane kwamba kuosha kunatosha. Maji na chumvi vitaondoa vumbi, mchanga na sehemu ya vijidudu, na moto utamaliza vilivyobaki. Risasi iliyo ndani ya jani haiondoki kwa kuosha.

Nakubali yote hayo. Nisichokubali ni hitimisho linalofuatia, kwamba basi watu wakatazwe kuchuma. Anayechuma jani kando ya mfereji anakemewa. Aliyeelekeza bomba kwenye mfereji anapewa barua na muda wa kujirekebisha. Tena mchicha wa kulimwa, uliomwagiliwa maji ya mto huohuo, unaingia gengeni ukiwa umefungwa vizuri kwa ugwe wa mgomba, shilingi mia tano fungu, na hakuna anayemuuliza muuzaji umetoka bonde gani. Mchumaji walau anajua alipochuma. Amepaona, amepanusa, ameona rangi ya maji. Ukimpa na kipimo cha udongo atakitumia kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye na wanawe ndio wanaokula. Uchafu ni ushahidi wa upande wangu: ardhi safi imekuwa adimu kuliko elimu ya mboga.

Na hapa nirudi kwenye makopo ya kijani. Majani mabichi kwa sehemu kubwa ni maji. Kilo moja ya unga wa mchunga huenda inameza kilo nane au zaidi za mchunga mbichi. Ukikausha, maji yanaondoka lakini risasi, kama ilikuwemo, inabaki yote na kujikusanya kwenye kijiko kile cha asubuhi. Zaidi ya hapo, kopo limekata uhusiano kati ya mlaji na mahali. Anayenunua Kimara hajui kama jani limetoka shamba la Kisarawe au nyuma ya gereji ya Buguruni, na pengine hata msagaji hajui, kwa sababu alinunua kwa magunia. Watu wanaocheka kumwona mama akichuma kando ya reli wanalamba unga huo kwa imani. Sisemi mchunga hauna dawa ndani yake. Pwani yote inauamini kwa sukari na homa, na maabara kadhaa zimeona dalili zinazostahili kufuatiliwa. Nasema dawa inayotoka mahali pasipojulikana ni bahati nasibu, na mgonjwa wa sukari anayeacha vidonge vyake kwa ajili ya kopo amecheza bahati nasibu mbili kwa mpigo.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba wachumaji wanaharibu mazingira ya pwani, hivyo kuta na mageti ni aina fulani ya uhifadhi. Mchunga una mizizi inayotambaa chini kwa chini. Wakulima huulaani kwa sababu ukiupalilia leo, wiki ijayo unachungulia tena. Kuvunja ncha zake ni kuusaidia kutoa machipukizi. Mikoko ya Dar es Salaam, ambayo kisheria ni hifadhi ya misitu, imekatwa kwa boriti, kwa mkaa, kwa mabwawa ya chumvi, kwa viwanja. Sijawahi kusikia mkoko uliokufa kwa kuchumiwa mboga kando yake. Ufukwe wa Kunduchi umeliwa na bahari kwa miongo, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni mchanga unaochimbwa mitoni, Mbezi na Tegeta, kabla haujafika baharini kujaza pengo. Malori hayo ya mchanga yanapita mchana kweupe. Kumgeukia mama mwenye mfuko wa salfeti baada ya hapo ni kumpiga punda kwa kosa la mwenye mzigo. Penye hifadhi ya kweli, kama visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilivyotangazwa mwaka 1975, watu wasichume, na sioni anayelalamika. Pia nakiri kwamba uchumaji wa magunia kwa ajili ya kusaga, hasa wa kung'oa na mzizi, ni jambo jingine, linalohitaji mipaka. Lakini mipaka hiyo imlenge anayejaza gunia la biashara, isimlenge anayetafuta mboga ya jioni.

Wapo wenye busara wanaosema: mbona hangaiko lote hili, si zilimwe tu? Mbegu za mnavu, mgagani na mchicha zipo, Kituo cha Dunia cha Mboga pale Tengeru, Arusha, kinazitunza na kuziboresha, na bustani ndogo inaweza kuwekwa hata kwenye viroba barazani. Ni hoja nzuri, na ningependa kila nyumba iwe na viroba vyake. Tatizo lake ni kwamba inamsahau mtu ambaye mboga ya porini humwokoa hasa. Mpangaji wa chumba kimoja Tandale, mwenye uwanja wa kushea na familia saba, hana baraza la viroba, na maji ananunua kwa ndoo. Mboga ya kulima inataka ardhi au hela. Mboga ya kuchuma inataka muda na miguu. Tarehe ishirini na tano, mshahara bado na gengeni deni limefika shingoni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ugali utakuwa na kitoweo. Halafu kuna ladha, jambo ambalo wataalamu wa lishe hawapendi kulizungumza: mchunga uliomwagiliwa na kutiwa mbolea mimi naona umepoa, kama mtu aliyelelewa kwa bibi.

Basi kinachofuata ni nini? Sheria tunayo nusu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kwa ninavyokisoma, kifungu hicho kinaeleza yasiyopaswa kufanyika kwenye ukanda huo. Hakimwambii raia wa kawaida apite wapi kuufikia. Ukanda wa mita 60 usio na njia ya kuingilia ni bustani ya mwenye ukuta. Nchi nyingine zimelitazama hili kwa jicho la mpishi. Uswidi inamruhusu mtu kutembea na kuchuma matunda na uyoga wa porini hata kwenye ardhi ya mwingine, mradi asisogelee nyumba wala kuharibu. Uingereza, nchi isiyocheza na mali ya mtu, ilisema kwenye sheria yake ya wizi ya 1968 kwamba anayechuma uyoga unaoota wenyewe, au maua, matunda na majani ya mmea wa porini, hajaiba, isipokuwa akichuma kwa ajili ya kuuza. Mstari huo mmoja umetenganisha jiko na biashara, jambo ambalo sisi tumeshindwa kulifanya hata kwa maneno. Sisemi tuige mashamba yao. Lakini halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi wa ufukweni inaweza kudai kichochoro cha miguu kila baada ya viwanja kadhaa, kilichochorwa kwenye ramani na kulindwa kama barabara inavyolindwa, na hilo halihitaji bajeti ya wafadhili.

Kupima udongo nako kunawezekana. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo jijini, vyuo vikuu vina vifaa na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Matokeo ya vipimo vya Msimbazi yamelala kwenye majarida ambayo mama wa Jangwani hatayaona maisha yake yote. Yangebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba hapa pako salama, pale msichume majani wala msilime mboga, yangefanya kazi kuliko vipindi kumi vya redio. Na bonde lenyewe sasa linabadilishwa. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopitishiwa na Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, unakusudia pamoja na mambo mengine kupunguza mafuriko pale Jangwani na kuligeuza eneo la chini kuwa hifadhi ya jiji ya kupumzikia. Bonde hilo ndilo la mwisho ambako ningemtuma mtu akachume kesho asubuhi. Lakini jiji linapopata nafasi ya kuchora eneo la wazi kubwa namna hiyo katikati yake, anayechora hana budi kuulizwa: eneo la wazi kwa ajili ya nini? Tukiacha mazoea yaamue tutapata ukoka uliopangwa, mitende ya kununua na kibao cha "usikanyage nyasi". Upande wa juu wa mto, kuelekea vilima vya Pugu, ambako maji bado hayajakutana na viwanda, kuna nafasi ya kuacha kingo ziote zinavyojua zenyewe, zikapimwa, na watu wakaruhusiwa kuinama.

Mwezi uliopita nilipita kwenye bustani moja ya umma, sitaitaja, asubuhi baada ya mvua. Watunza bustani wawili walikuwa wanang'oa magugu kwenye ukoka na kuyarundika kwenye toroli. Nusu ya rundo ilikuwa mchunga ambao bado ni mchanga, laini, ule unaovunjika kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa anakatisha kwenda kituoni akasimama, akawasalimu, akaomba. Wakamwambia achukue tu, maana walikuwa wanaenda kuutupa. Akafungua kanga ya juu, akaanza kuuchambua palepale, ncha huku, mashina kule, vidole vinakwenda vyenyewe. Kanga ilipokuwa imefika nusu akanyanyua uso.

"Lakini hapa mnapiga dawa?"

Wakatazamana. Mmoja akasema hajui, dawa ya magugu huja kupigwa na watu wa kampuni, wao kazi yao ni kung'oa. Yule mama akabaki ameinamia kanga yake kwa muda. Kisha akaukung'uta mchunga wote ukarudi kwenye toroli, akajifuta utomvu vidoleni, akashukuru, akaenda kupanda gari.